Nyapara Aliyetusomea Barua

Jua likiwa bado halijagusa kilele cha mlima, sisi tulikuwa tumeshajipanga mbele ya stoo, majembe chini, na yeye amesimama juu ya jiwe la kunolea mapanga, daftari limefunguliwa mikononi. Aliita majina ya shamba zima, wanaume kwanza, kisha wanawake, na hakuna siku hata moja aliyomruka mtu. Ukichelewa hakukugombeza hapo. Alisema tu, "Salimia kazi kwanza. Mimi utanisalimia jioni." Na jioni ukienda kumsalimia, unakuta siku yako imekatwa.

Jina lake wazee walilijua, lakini sisi sote tulimwita Nyapara. Hata mkewe alimwita hivyo akimkaribisha chakula. Shamba lilikuwa upande wa Endebess, mahindi mpaka macho yachoke, na mwenyewe alikuwa Mzungu tuliyemwita Bwana. Mimi nililetwa pale na ndoa, kutoka Bumula, miaka michache baada ya vita vya pili. Mume wangu alikuwa skwota: tulilima kipande chetu kidogo, na kwa ajili ya kipande hicho tulimlimia Bwana sehemu kubwa ya mwaka.

Nyapara alikuwa mrefu, mkavu, na koti la jeshi alilonunua kwa mtu mwingine, maana yeye jeshini hakufika. Alitembea na fimbo ya mzeituni ambayo sikumwona akimpiga nayo mtu wala maksai. Aliitumia kunyoosha mistari. "Mstari ukipinda, mwaka mzima umepinda," alisema. Msemo wake mwingine ulikuwa, "Jembe halina shemeji," na huo aliusema hasa kwa wale waliofikiri kwamba kwa kuwa walitoka Bungoma kama yeye, watapewa mstari mfupi.

Lakini alikuwa na pande mbili. Nilipokuwa na mimba ya kwanza, alipita nyuma yangu akinitukana. "Wewe unalima ama unabembeleza nyasi? Ondoka hapo, unaniharibia shamba!" Nikaondoka nikilia. Nilipogeuka nikamwona ameshika jembe langu, anamaliza mstari wangu yeye mwenyewe, huku bado anatukana. Siku hiyo haikukatwa. Aliyekatwa siku alipelekewa maharagwe na mke wa Nyapara, na ole wako useme asante mbele yake.

Kiswahili chake kilikuwa cha kwetu, cha kubadilishana ele na ere. Asubuhi angejipapasa sikioni akapaza sauti, "Karamu yangu iko wapi? Nani ameona karamu yangu?" Wenzetu kutoka pwani ya ziwa walicheka wakauliza kama wamealikwa. Yeye hakucheka. Kalamu ile ya risasi ilikaa juu ya sikio lake kutwa nzima, na ilikuwa kubwa kuliko fimbo, maana shambani pale yeye ndiye pekee aliyesemekana kujua kusoma.

Ndivyo alivyopata kazi. Nyapara wa kwanza alipokufa, Bwana aliwapanga watu akauliza nani anajua kusoma, na yeye akanyoosha mkono. Bwana hakutaka watu wa shule. Alisema mtu wa shule ni mtu wa siasa, na kabla sijafika alikuwa ameshawafukuza wawili. Mmoja wa kuita majina alimtosha. Kwa sababu hiyo, siku ya kwanza ya ndoa yetu mume wangu aliniambia, "Hapa usiseme umesoma. Hata kwa wanawake wenzako usiseme." Mimi nilikuwa nimesoma kwa wamisheni mpaka darasa la nne. Nikaficha darasa langu kama mtu anavyoficha kovu.

Barua zikija kutoka nyumbani zilipita mkononi mwa Nyapara. Alizipokea, akazitia mfukoni mwa koti, akasema, "Nitakusomea kesho jioni. Leo macho yamechoka." Na kesho yake alikusomea, maneno yote, na salamu za kila mtu. Barua yangu ya kwanza ilitoka kwa baba. Nyapara aliniketisha kwenye gogo nje ya nyumba yake, akaisoma vizuri sana. Niliisikia sauti ya baba ndani yake, hata pale baba aliposema ng'ombe mweusi amezaa. Nikainua macho. Karatasi alikuwa ameishika juu chini.

Aliponipa barua nikaikunja, na nyumbani nikaisoma mwenyewe mlango ukiwa umefungwa. Hakuna neno alilokosea.

Namna alivyofanya nilikuja kuelezwa baadaye na fundi cherehani mmoja wa Endebess, Mwislamu, mtu mzima mwenye kofia ya kazi nzuri. Kila barua ilipofika, Nyapara alitoka baada ya kazi akatembea mpaka kwa fundi huyo. Fundi alimsomea mara mbili. Nyapara alifumba macho, akairudia yote, kisha akarudi njia nzima akiirudia mdomoni. Kwa majina ya asubuhi hakuhitaji msaada wa mtu. Aliyashika yote kichwani, na daftari lilikuwa la kugeuzwa kurasa tu. Miaka zaidi ya kumi alifanya hivyo. Fundi aliniambia, "Kichwa kile, mama, kama kingepata shule!"

Uongo huo ulimpa cheo, na ulimfunga pia. Shamba letu halikuwa na ukuta, lakini hukupita maduka ya Endebess bila karatasi ya Bwana, na ukikamatwa barabarani bila karatasi unarudishwa na askari. Mama yake Nyapara alipokufa kule Bumula, alikwenda kuomba ruhusa ya siku tatu. Bwana akamwuliza, "Na nani atasoma majina?" Akarudi. Asubuhi akapanda juu ya jiwe, akaita majina kama kawaida. Mama yake akazikwa na majirani. Sisi wanawake tulisema ana moyo wa jiwe. Mimi peke yangu nilijua kwamba pale alipo hana pa kutokea: akikubali kwamba hajui kusoma, hana kazi, asipokubali, hana ruhusa.

Basi likaja lile jambo la chombo.

Ilikuwa wakati wa palizi ya pili, siku za Hali ya Hatari. Vita vyenyewe vya msituni vilikuwa mbali na sisi, lakini askari walipita mara kwa mara wakiuliza habari za bunduki na redio, na mtu alijifunza kunyamaza. Asubuhi hiyo nilikuwa nimewatangulia wenzangu katika mistari nikaona kitu chekundu kati ya mabua. Kilikuwa kitambaa kama mwavuli mdogo. Kamba yake ilishuka mpaka kwenye kijisanduku cheupe, chepesi, chenye vikombe vitatu vidogo vya bati vilivyozunguka kwa upepo, na waya mrefu uliojisokota kwenye mahindi. Pembeni palikuwa na mpira uliopasuka, mwembamba kama tumbo la mbuzi.

Nilitaka kukimbia. Kisha nikaona karatasi iliyobandikwa ubavuni. Juu Kiingereza, chini Kiswahili. Iliandikwa kwamba chombo hicho ni cha kupimia hali ya hewa juu angani, kwamba hakina hatari, na kwamba atakayekiokota asikivunje, akipeleke polisi au kwa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, naye atapewa zawadi.

Niliisoma yote. Mara nikasikia wenzangu wanakuja, nikarudi nyuma hatua tatu, nikapiga kelele kama mtu aliyeona nyoka.

Watu wakajaa. Mmoja aliyepigana Burma akasema, "Hiyo ni bomu bana, msikaribie." Mwingine akasema, "Si bomu, ni redio. Ona waya. Wakitukuta na redio siku hizi, si watatunyonga?" Wanawake wakaanza kuomba Mungu. Nyapara akaja mbio, fimbo mkononi, na wote wakageuka kwake.

"Nyapara, iko na karatasi! Soma! Inasema nini?"

Ingekuwa barua, angesema macho yamechoka. Lakini hapa watu walikuwa wanatetemeka, hakuna wa kumngoja mpaka kesho. Alikibandua kile kikaratasi, akakitazama kwa muda mrefu. Nilikuwa nimesimama karibu naye kiasi cha kusikia pumzi yake.

"Imeandikwa ni mali ya Serikali," akasema. "Imeandikwa hatari. Mtu asiguse. Ifukiwe chini, na mtu asiseme."

Karatasi akaitia mfukoni. Akachimba shimo mwenyewe kando ya kichuguu, akakifukia chombo na kitambaa chake na waya wake, akatutuma tuendelee na palizi. Mimi nikainama na jembe langu. Nilijua, nikalima.

Jioni ile, nilivyokuja kusikia, alikwenda Endebess na karatasi mfukoni, ili fundi amsomee. Fundi hakuwepo. Alikuwa amekwenda Kitale kusali Idi na jamaa zake, na angerudi baada ya siku mbili.

Asubuhi iliyofuata askari wakaja kabla ya sisi. Mtu alikuwa ameropoka huko madukani. Inspekta, Mzungu kijana mwenye uso uliobabuka kwa jua, alisimama na Bwana mbele ya stoo. Akamwita Nyapara kwanza.

"Redio iko wapi?"

"Hapa hakuna redio, Afande," akajibu Nyapara.

Nadhani alisema alivyoamini. Kile alichokifukia hakukijua ni nini, ila redio alikuwa akiijua, ipo nyumbani kwa Bwana, na haifanani na kijisanduku kile. Lakini neno lilikuwa limeshatoka, na kila saa iliyopita lilizidi kuwa kubwa.

Wakatuswaga sote ndani ya boma la ng'ombe, wanaume, wanawake na watoto wachanga, wakafunga lango kwa mnyororo. Nyumba zetu zikapekuliwa, magodoro ya nyasi yakachanwa, vipande vyetu, yaani vitambulisho vya kazi, vikakusanywa kwenye debe. Mvua ikanyesha mchana, na samadi ikageuka uji miguuni petu. Hakuna aliyesema. Walikuwa wanamlinda Nyapara, tena waliamini karatasi ya Serikali imesema mtu asiseme. Tulilala mle. Siku ya pili asubuhi Bwana akaja langoni, akasema kwa Kiswahili chake kwamba jua likifika katikati, redio ikiwa haijapatikana, skwota wote watatoka shambani siku hiyohiyo, na mahindi yao yatabaki palepale.

Mume wangu alikaa chini kwenye tope. Mahindi yetu yalikuwa yameanza kutoa ndevu. Mtoto wangu alikuwa mgongoni, ana miezi saba.

Askari waliruhusu watu wawili wawili kwenda kuchota maji kwenye birika la kunyweshea ng'ombe, umbali wa kutupa jiwe. Nyapara alipoinuka na debe, mimi nikainuka na langu. Tulipofika birikani nikainama karibu naye.

"Mzee," nikasema, "ile karatasi bado unayo?"

"Kwa nini?"

"Labda juzi macho yalikuwa yamechoka. Labda kuna neno lilikupita."

Akanitazama. Maji yalikuwa yanamwagika kwenye debe lake na hakuyaona. Kisha akatia mkono mfukoni, akaitoa ile karatasi, akaishika chini ya ukingo wa birika askari asiione.

"Unajua kusoma, mayi?" Mayi kwetu ni mama, na hakuwahi kuniita hivyo.

"Kidogo."

"Tangu lini?"

"Tangu Bumula."

"Na mimi umenijua tangu lini?"

"Tangu barua ya baba."

Nikafikiri atanipiga na ile fimbo, iwe mara ya kwanza. Akasema, "Soma."

Nikamsomea kwa sauti ya chini, neno kwa neno, mara mbili, maana nilimwona amefumba macho. Nilipofika kwenye neno zawadi mara ya pili, akatoa sauti kama mtu aliyekanyaga mwiba.

"Ati haina hatari," akasema. "Na sisi tuko ndani ya mavi ya ng'ombe siku mbili."

"Mpe Inspekta karatasi. Itakwisha."

"Itakwisha? Ataniuliza, wewe unajua kusoma, uliona imeandikwa peleka polisi, kwa nini ulifukia? Hapo nitasema nini? Mtu anayejua kusoma na anafukia, huyo ni mwizi ama ni adui. Mimi nitakwenda jela."

"Basi sema ukweli."

"Ukweli wangu ni upi?" Alikuwa anauliza kweli, kama mtu aliyekipoteza kitu nyumbani mwake mwenyewe. Kisha akasema, "Wewe usiseme unajua. Watawafukuza wewe na mumeo hata kama sisi wengine tutabaki. Umesikia?"

"Nimesikia."

Askari akatupigia kelele. Tukarudi na maji.

Hakukaa chini tena. Alisimama langoni mpaka jua lilipokaribia katikati, akaita, "Bwana! Afande!" Sauti ilikuwa ileile ya asubuhi, tukajikuta tunanyooka kama tunaitwa majina. Walipokuja akawaambia: chombo kipo, kimefukiwa kando ya kichuguu, aliyekifukia ni yeye peke yake, na karatasi yake hii hapa.

Inspekta akaisoma. Akamsomea Bwana. Wakatazamana. Inspekta akaanza kucheka, akaacha, akauliza jambo lile Nyapara alilolitabiri: kwa nini, ikiwa imeandikwa hivi, akaenda kufukia?

"Sikujua imeandikwa hivyo," akasema Nyapara. "Watu waliniambia nisome, nikasoma uongo. Mimi sijui kusoma."

"Wewe?" akasema Bwana. "Miaka yote unasoma majina!"

"Majina nayajua kwa kichwa, Bwana. Kusoma sijui. Hata herufi moja."

Kisha mwanamke mmoja nyuma yangu, ambaye mwaka uliotangulia alisomewa barua ya kifo cha dada yake, akapiga kelele, "Na barua zetu? Dada yangu amekufa ama hakufa?"

Watu wakaanza kuuliza wote kwa pamoja. Mwingine alikuwa amepeleka mahari kwa kufuata barua iliyosomwa na Nyapara. Nyapara akageuka akatutazama sote, na mara moja akanitazama mimi.

"Zilikuwa kweli," akasema. "Zote zilikuwa kweli."

Hakusema habari za fundi. Labda aliona hatuwezi kuamini. Labda hakutaka fundi aitwe na polisi. Na hapo nilikuwepo mimi, mtu mmoja aliyewahi kuilinganisha barua na sauti yake. Neno moja langu lingemrudishia heshima yake hata kama kazi imekwisha. Mume wangu alikuwa amenishika mkono juu ya kiwiko. Nikatazama chini.

Chombo kikachimbuliwa, vikombe vyake vimepinda, udongo ndani. Inspekta alikichukua akaondoka nacho. Lango likafunguliwa. Tulirudi kwenye mahindi yetu mchana uleule, na siku mbili za boma zilihesabiwa kwamba hatukufanya kazi.

Nyapara hakupelekwa jela. Bwana alisema mtu mjinga hafungwi, akatia saini kipande chake kwamba amemaliza kazi, akampa mpaka jioni. Niliwaona wakiondoka kuelekea barabara ya Kiminini: mkewe na sufuria, watoto na mbuzi wawili, na yeye amejitwika mlango wa nyumba yake, maana aliuchonga mwenyewe na hakutaka kuuacha. Hakuna aliyekwenda kumuaga. Kwa miezi mingi baadaye watu walimtaja kwa kicheko, na mtu akisema uongo aliambiwa, "Umenisomea kama Nyapara."

Miaka minne au mitano ikapita. Baba yangu akawa mgonjwa, nikaomba karatasi, Bwana akanipa siku tatu. Wakati wa kurudi nilishuka Bungoma kungojea basi la Kitale, nikaona mtu mrefu sokoni, karibu na stesheni, ameketi nyuma ya mikungu ya ndizi. Koti halikuwepo. Alikuwa amenenepa. Nilikuwa nimeamua kupita upande wa pili, lakini akaniita.

"Mayi! Mulembe!"

Nikamwitikia. Akaniondolea gunia niketi. Akauliza habari za mume wangu, za watoto, za mvua kule juu. Akaniambia ana migomba, ana ng'ombe wawili, na kwamba kaburi la mama yake amelizungushia mawe. Alisema habari hizi bila haraka, na watu walipita wakimsalimia kwa jina lake, jina ambalo mimi sikulizoea.

Kisha akainama kidogo. "Siku ile ya boma," akasema, "nilikuona."

"Uliniona vipi, mzee?"

"Watu walipoanza kelele ya barua. Nilikuona mdomo umefunguka. Ulitaka kusema, ati barua yako ilikuwa kweli, ati unajua kusoma. Ndiyo nikakutazama, nikukataze. Nikaona umetii, umeinamisha macho. Nikasema moyoni, yule mtoto wa watu angepoteza shamba lake kwa ajili yangu." Akatikisa kichwa. "Nimewaambia wanangu habari yako mara nyingi."

Sikuwa nimetaka kusema. Kama mdomo wangu ulifunguka, ulifunguka kwa hofu, au kwa njaa ya siku mbili. Nilikuwa na maneno ya kuomba msamaha, niliyoyatengeneza kwa miaka nikiwa katika mistari, na sasa hayakuwa na mahali pa kutua. Nikimwambia, ninamnyang'anya kitu alichotoka nacho pale shambani pamoja na ule mlango. Nisipomwambia, ninakichukua kisicho changu.

Basi likapiga honi. Karatasi ya Bwana ilikuwa inaisha siku hiyo. Akakata kichane kizima cha ndizi mbivu, akakiweka kwenye kikapu changu, akakataa nilipe.

"Wasalimie wote," akasema. "Na wewe Mungu akuweke, mayi. Wewe ni mtu wa kweli."

"Asante, mzee," nikasema, nikapanda basi.